Shule Iliyokoma: Vyama vya Wanafunzi na Kurejea kwa Wahitimu wa Mazengo, Dodoma

Desturi ya wahitimu kurejea shuleni huchukulia kwamba shule ingalipo. Shule ya Sekondari Mazengo, Dodoma, inaonesha hali tofauti. Ilianza kama shule ya misheni iliyoitwa Alliance, kisha ikawa ya serikali na kupewa jina la Mtemi Mazengo wa Wagogo. Mwaka 2007, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana cha Kanisa Anglikana kilianza kufundisha katika eneo hilohilo. Je, mhitimu wa Mazengo arudipo, hurudi wapi?

Jibu limo katika maisha ya bweni. Chini ya serikali ya Nyerere, wanafunzi walipangiwa shule mbali na mikoa yao, na waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa 1967 ukaingiza kazi za shamba shuleni. Kijana wa Bukoba au Mtwara asiye na ukoo Dodoma alifungamana na mahali hapo kupitia bweni, shamba na chama. Vilabu vya mdahalo na michezo vilikuwa mali ya shule moja. Umoja kama UKWATA, wa wanafunzi Wakristo, ulikuwa na matawi katika shule nyingi. Shule ikifungwa, klabu hufa nayo, bali umoja hubaki.

Katika shule nyingi nchini, wahitimu wa zamani hualikwa siku ya mahafali, wakanasihi na kuchangia. Mazengo haina tena mahafali. Majengo yamesalia, aliyekosekana ni mwenyeji wa kuwapokea.