Karantini ni dawa, lakini pia imewahi kuwa ua

Wadau, uzi wa leo umetoka Kenyatta Market, dakika chache kwa miguu kutoka kwangu Nyayo Highrise. Jumapili nilikuwa pale nangoja mbavu ziive, meza ya jirani ikawaka. Jamaa mmoja: Waarabu wana pesa, sisi tuna ng'ombe, shida iko wapi? Mwenzake: shida ni hivyo viwango vya afya ya mifugo, ni njama ya kutufungia soko. Maneno haya hurudi kila msimu wa kura, na kila upande huyatumia. Kama kawaida hatutaji vyama wala waheshimiwa.

Huyo wa njama, historia inambeba kuliko anavyojua. Wakati wa ukoloni, amri za karantini zilifungia mifugo ya Wamaasai, Wasomali na wengine ndani ya maeneo yao, wakati mwingine miaka na miaka. Ugonjwa ulikuwepo kweli, hasa homa ya mapafu ya ng'ombe. Lakini ua huo ulimfaa sana setla, maana ng'ombe wa mfugaji Mwafrika hakufika sokoni kushindana na wake.

Halafu kuna kisa cha Ukambani, 1938. Kampuni ya Liebig's ilikuwa imeweka kiwanda cha nyama Athi River na kilihitaji ng'ombe wengi wa bei ya chini. Serikali ikasema Wakamba wana mifugo mingi mno, ardhi inaharibika, ikaanza kuchukua ng'ombe kwa nguvu na kuwapiga mnada. Wakamba, wanaume kwa wanawake na watoto, wakatembea hadi Nairobi, wakapiga kambi Kariokor wiki kadhaa wakitaka kuonana na gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu (huyu ni marehemu wa zamani, sheria ya uzi haijavunjwa) alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Lakini serikali ilirudi nyuma, na ng'ombe wakarudishwa. Leo barabara yenye jina lake inapita City Market, na ndani ya soko hilo kuna mabucha. Sijui nani alipanga hivyo, lakini kila nikipita pale nacheka.

Sasa kwa nini nisikubaliane naye moja kwa moja? Kwa sababu virusi havisomi historia.

KMC iliundwa 1950, ikachukua Athi River, na kwa miaka nyama ya Kenya ilisafiri hadi Ulaya. Ng'ombe wa kaskazini walishikiliwa kwanza Isiolo, wakapimwa na kuchanjwa, ndipo wakashuka. Miaka ya 1970 soko la Ulaya likatuponyoka, na sababu moja kubwa ilikuwa ugonjwa wa miguu na midomo. Huu nauelezea kidogo, maana ndio unaovunja ahadi nyingi za jukwaani. Kirusi chake kina aina kadhaa, na chanjo ya aina moja haikingi nyingine. Kinga yenyewe hudumu karibu miezi sita, kwa hivyo ng'ombe anahitaji sindano angalau mara mbili kwa mwaka, kila mwaka. Nyati wa mbugani hubeba aina fulani bila hata kuugua. Chanjo tunatengeneza wenyewe, hapo Embakasi! Shida ni kuifikisha kwa ng'ombe anayefuata mvua kilomita mia mbili.

Na msiniambie hatuna akili ya kazi hii. Chanjo iliyosaidia kuimaliza sotoka duniani ilitengenezwa Muguga, hapa Kiambu, na timu ya Walter Plowright. Mara ya mwisho sotoka kuonekana ilikuwa 2001, kwa nyati wa Mbuga ya Meru. Mwaka 2011 dunia ikatangaza imekwisha.

Homa ya Bonde la Ufa nayo ilitambuliwa kwetu, kwenye shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mbu huibeba, mvua kubwa ikinyesha inalipuka, kondoo wanatupa mimba. Ililipuka Garissa na Somalia wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, Saudia ikafunga mlango. Ukafunguliwa, kisha 2000 ugonjwa ukafika Saudia na Yemen, mara ya kwanza nje ya Afrika. Mlango ukafungwa tena, na wafugaji wengi wa Pembe ya Afrika wakakaa hadi 2009 bila soko lao kubwa. Hiyo si njama. Watu wao walikufa.

Wetu pia. Mlipuko wa 2006 na 2007 uliua zaidi ya watu 150 hapa Kenya. Nairobi watu waliogopa nyama, wenye mabucha wakalia. Kwa hivyo anayesema viwango ni vya wageni asimame Dagoretti alfajiri, pale juu ya Kawangware, aone malori ya ng'ombe yanavyoshusha. Hiyo nyama haiendi Jeddah. Inakuja kwa meza yetu.

KMC yenyewe ilikufa, ikafunguliwa tena 2006, na 2020 ikapelekwa Wizara ya Ulinzi. Kule Bachuma, Taita Taveta, kuna mradi wa kituo cha kushikilia mifugo ya kuuzwa nje, na umesemwa na serikali moja baada ya nyingine. Majengo ni rahisi kuzindua, utepe unakatwa, picha zinapigwa. Sindano ya pili ya mwaka haina utepe.

Yule jamaa wa Waarabu akaniuliza, sasa wewe kaka uko upande gani? Nikamwambia mgombea akimwahidi soko la Ghuba, amuulize nani atalipa chanjo ya pili, kule Wajir, miezi sita baada ya kamera kuondoka. Akasema hilo hakuna anayejibu. Mbavu zikafika, tukaomba kachumbari.