Panya wa 1965 na ng'ombe wa Keroka

Mfugaji wa Keroka, Nyamira, mwenye ng'ombe wawili bandani, anaowakatia majani ya nepia kila asubuhi, huzijua dalili. Tezi chini ya sikio huvimba, mnyama huchemka, hukataa kula, na mwishowe povu humtoka puani. Ni ndigana kali, homa inayoletwa na kupe. Ng'ombe wengi wa kienyeji huistahimili; Friesian na Ayrshire, ambao ndio wenye maziwa, huangamia upesi.

Sababu za wanyama kutofautiana katika kinga zilianza kueleweka kwa panya. Mwaka 1965 Hugh McDevitt na Michael Sela waliwadunga panya wa koo mbili protini iliyoundwa maabarani. Ukoo wa C57 ulitoa kingamwili takriban mara kumi zaidi ya ule wa CBA. Ungedhani CBA ni dhaifu. Lakini baadaye tairosini ya protini hiyo ilipobadilishwa kwa histidini, CBA wakatangulia na C57 wakabaki nyuma! Kila ukoo ulikuwa umerithi jicho la kuona kipande chake cha protini ngeni.

Huku kwetu dawa ilitangulia maelezo. Miaka ya 1970, watafiti wa Muguga walichanganya aina tatu za vimelea hai vya ndigana kali, Theileria parva, kwa kuwa ng'ombe aliyekingwa dhidi ya aina moja aliweza kuuawa na nyingine. Mnyama alidungwa vimelea hivyo pamoja na antibayotiki ya oksitetrasaiklini, augue kidogo tu, kisha apate kinga.

Katika miaka ya 1980, Ivan Morrison na wenzake wa ILRAD, maabara ya utafiti wa magonjwa ya mifugo pale Kabete, walionyesha kwamba seli za kinga zinazowinda seli zilizoambukizwa vimelea huchagua shabaha kulingana na jeni za ng'ombe mwenyewe. Kanuni hiyo Peter Doherty na Rolf Zinkernagel walikuwa wameigundua kwa panya huko Canberra. Doherty aliwahi kukaa kwenye bodi ya ILRAD, kabla ya Nobel yao ya 1996.

Kwa maoni yangu, kikwazo cha mfugaji wa Keroka leo ni hesabu kuliko jeni. Mrija mmoja wa chanjo hiyo ya Muguga kwa kawaida una dozi 30 hadi 40, hutunzwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, na ukishayeyuka haugandishwi tena. Mwenye ng'ombe wawili hana budi kuwashawishi majirani walete wao siku hiyohiyo. Daktari wa mifugo huja na mtungi, hukadiria uzito wa kila mnyama ili apime oksitetrasaiklini, humdunga, kisha humvika hereni sikioni.