Mtumba: Kutoka Begani kwa Mpagazi hadi Kabatini

Kabla haujawa vazi, mtumba ulikuwa mzigo. Katika karne ya 19, wafanyabiashara waliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji walifunga majora ya vitambaa yakawa furushi refu, gumu, la kukaa begani kwa mpagazi, na furushi hilo ndilo lililoitwa mtumba. Uzito ulihesabiwa kwa frasila, kwa kawaida kama mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Ndani yake hamkuwa na nguo kuukuu hata moja. Mlikuwa na merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilichofumwa Massachusetts na kuletwa Unguja na meli za Salem, na mlikuwa na kaniki iliyotiwa nili hadi ikakaribia weusi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, viliyumbisha biashara hiyo, na vitambaa vya Uingereza na Bombay vikapata nafasi. Jina la merikani halikuondoka.

Kitambaa kilikuwa pia sarafu. Ushuru wa njia, chakula cha msafara na ujira wa wapagazi vililipwa kwa shuka na doti, na mwenye vitambaa vingi alihesabiwa kuwa na mali. Kwa hiyo suala la nguo kuzidi halikumhusu mtu wa kawaida. Nguo zake zilienea kwenye sanduku moja, na mpya ilisubiri Idi, Krismasi au harusi. Kilichochakaa hakikutupwa. Khanga iliyopauka ilikuwa mbeleko, baadaye nepi, baadaye tambara la kudekia, na safari hiyo ya ngazi kwa ngazi ndiyo iliyokuwa namna ya kupanga nguo nyumbani kwa vizazi kadhaa.

Nguo zilizovaliwa na watu wengine ziliingia Afrika Mashariki kwa njia nyingi ndogondogo kabla ya kuwa na soko lake. Misheni zilizigawa kama sadaka. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, makabuti ya jeshi yalienea sehemu za baridi, mengine yakirudi na askari wenyewe, mengine yakiuzwa kama mali iliyozidi mahitaji ya majeshi. Njia nyingine, ya nchi jirani, ilipita Kongo ya Wabelgiji. Katika miaka ya 1950 wachuuzi walivusha marobota ya nguo kuukuu kutoka Katanga hadi Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ambako serikali ya kikoloni haikuitaka biashara hiyo. Kwa Waswahili nguo hizo zilipata jina la kafa Ulaya, kwa dhana kwamba mwenyewe amefariki huko ng'ambo na nguo zake zimekosa mrithi. Dhana haikuwa sahihi, maana wengi wa wenye nguo hizo walikuwa hai na walikuwa wamepunguza tu kabati zao, lakini inaeleweka: katika nchi ambako nguo ilivaliwa hadi iishe, nani angeamini kwamba mtu mzima, mwenye afya, anatoa koti lisilo na tundu?

Tanzania baada ya Azimio la Arusha la 1967 ilichagua kujivisha yenyewe. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa Ubungo kwa msaada wa China, kilianza kazi 1968, na mwaka huohuo Mwanza ikapata kiwanda cha Mwatex. Pamba ilikuwa ya Usukuma, vitenge na khanga vikapigwa chapa nchini, na uingizaji wa nguo zilizotumika ukazuiwa ili viwanda vipumue. Kenya nayo ililinda vya kwake, miongoni mwao Kicomi ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret. Kwa muda mpango ulifanya kazi. Kisha Tanzania ikaingia miaka ya mwisho ya 1970: kupanda kwa bei ya mafuta, Vita vya Kagera dhidi ya Uganda vya 1978 na 1979, na upungufu wa fedha za kigeni. Vipuri vikakosekana, umeme ukayumba, na mashine nyingi zikafanya kazi chini sana ya uwezo wake. Kwenye maduka ya ushirika watu walipanga foleni bila kujua kitakachouzwa, na kupata doti ya khanga kulihitaji kufahamiana na mtu. Wako waliovaa magunia. Hii ndiyo sehemu inayosahaulika mtumba unaposhtakiwa kwamba uliua viwanda. Nchini Tanzania viwanda vilikuwa vimekwisha kuugua, na uhaba wa nguo ulikuwa umetangulia kuingia nyumbani.

Mlango ulifunguliwa na bajeti ya Juni 1984. Serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa walizipata wapi, na miongoni mwa bidhaa za mwanzo kujaa bandarini Dar es Salaam ni nguo zilizotumika. Ali Hassan Mwinyi aliposhika urais Novemba 1985, akaja kuitwa Mzee Ruksa, biashara hiyo ilikwisha kuota mizizi. Kenya ililegeza masharti mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hapo ndipo neno la wapagazi lilipopata maana mpya: robota lenyewe likawa mtumba, na kilichomo ndani kikarithi jina la kifungashio chake.

Mfumo wa biashara haujabadilika sana tangu wakati huo. Nguo inayotolewa London au Toronto hupita kwenye maghala ya kuchambulia, Ulaya, Kanada au Falme za Kiarabu, ambako hutengwa kwa aina na ubora na kushindiliwa kwa mashine hadi robota la kilo 45 au zaidi. Mwuzaji wa Mchikichini au Manzese ya Dar es Salaam, Gikomba ya Nairobi au Kongowea ya Mombasa hununua robota hilo, au belo, bila kuona kilichomo, isipokuwa maandishi ya nje: magauni, jinzi, mashuka, masweta. Kufungua belo ni bahati nasibu yenye mashahidi. Wateja wa kwanza huzunguka kabla kamba hazijakatwa, huchukua zile bora, ambazo Nairobi huitwa kamera, na kulipa bei ya juu. Kinachobaki hushuka bei siku hadi siku, mpaka kitandazwe chini na kuuzwa kwa rundo, kila kipande kwa jero au buku, yaani shilingi mia tano au elfu moja za Tanzania. Ndiyo maana mtu wa kipato kidogo anayejua siku ya belo kufunguliwa huvaa vizuri kuliko mwenye fedha asiyejua.

Kuzunguka rundo kumeota ajira nyingine. Wapo wanaofua, wapo wanaonyoosha kwa pasi ya mkaa, na fundi cherehani hukaa pembeni akipunguza kiuno, akikata mikono, akigeuza gauni la mtu mnene kuwa mawili. Hata hali ya hewa ina sehemu yake. Makoti mazito yaliyoshushwa kwenye joto la Dar es Salaam hupandishwa Makete, Njombe na Lushoto, ambako huvaliwa kwa haja na si kwa fasheni. Nguo za ndani zilizotumika zimepigwa marufuku na Shirika la Viwango Tanzania, na bado hukamatwa sokoni mara kwa mara. Uganda husema mivumba. Rwanda husema caguwa, neno lililozaliwa na kitenzi cha Kiswahili chagua.

Rwanda hiyohiyo ndiyo iliyofika mbali zaidi katika kuikataa mitumba. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa nguo zilizotumika kufikia 2019, na Kigali ikapandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Wafanyabiashara wa Marekani wa bidhaa hizo walilalamika kwa serikali yao 2017. Kenya ilijitoa, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo, na Rwanda iliyokaza kamba ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo Marekani bila ushuru kupitia sheria ya Marekani ya AGOA, Julai 2018. Hoja ya afya ilirudi Machi 2020, Kenya iliposimamisha uagizaji kwa hofu ya korona, kisha ikaufungulia Agosti. Mwaka 2023 Rais Museveni wa Uganda alitangaza kuipiga marufuku mitumba, akitoa hoja ya zamani kwamba ni nguo za wafu. Kafa Ulaya ilikuwa imerudi kwa mlango wa ikulu.

Wachuuzi wa leo wana lalamiko jingine: nguo za bei rahisi zinazoshonwa kwa haraka huko ng'ambo zinafika zikiwa zimelegea, na sehemu ya belo inayouzika inapungua. Isiyouzika ya Nairobi huishia kwenye jaa la Dandora. Fulana iliyochuja, ile ambayo hata rundo limeikataa, hukatwa vipande na kuuzwa gereji, fundi ajifutie mikono yenye grisi.