Sisimizi wa Jangwani na Hofu ya Atomiki

Katika miaka ya 1950 watengenezaji wa sinema wa Marekani walitoa filamu nyingi za bei rahisi juu ya wadudu wakubwa kama nyumba. Wengi huzidharau na kuziita michezo ya kutishia watoto. Lakini mdharau mwiba mguu huota tende: ndani ya michezo hiyo mna historia.

Tarehe 16 Julai 1945 bomu la kwanza la atomiki lilijaribiwa katika jangwa la New Mexico. Mwezi uliofuata Hiroshima na Nagasaki ziliteketezwa. Sehemu kubwa ya urani ya mradi huo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa ndugu zetu wasemao Kiswahili, Kongo ilipokuwa chini ya Ubelgiji.

Mwaka 1954 ikatoka Them!, yaani "Wao!", iliyoongozwa na Gordon Douglas. Ilikusudiwa kuwa ya rangi, lakini fedha zikapunguzwa, ikapigwa kwa nyeusi na nyeupe. Humo mtoto wa kike aokotwa jangwani, bubu kwa hofu. Anusishwapo asidi ya sisimizi, apiga kelele neno hilo moja, tena na tena. Sisi walimu wa lugha tuutambue ustadi huu: kitisho hakina jina, kina kiwakilishi tu. Baadaye yabainika kwamba miali ya jaribio la 1945 imewageuza sisimizi kuwa majitu.

Mwaka 1957 Bert I. Gordon alitoa Beginning of the End. Panzi wala mazao yaliyokuzwa kwa miali, wakua kupita kiasi, waivamia Chicago. Kwa kuwa fedha zilikuwa haba, panzi hai waliachwa watambae juu ya picha za majengo marefu. Mtazamaji hucheka. Lakini asikiapo wanajeshi wakishauriana kuuangamiza mji wenyewe kwa bomu la atomiki ili panzi wafe, kicheko humkauka.

Sayansi yakataa majitu hayo. Mdudu akikuzwa mara 100 kwa urefu, uzito wake huongezeka mara 1,000,000, na nguvu ya miguu yake mara 10,000 tu, hawezi kusimama. Hata hivyo hofu iliyomzaa ilikuwa ya kweli, kwa maana majaribio ya mabomu yaliendelea mwaka hata mwaka. Wazee wetu nao walisema mengi kwa kinywa cha zimwi. Basi tusomeshapo hadithi ya zimwi lolote, tuwaulize wanafunzi: watu wa wakati ule waliogopa nini?