Mgeni Katika Kibanja: Hifadhi ya Wahamiaji Bukoba na Muleba

Habari za wakimbizi mkoani Kagera aghalabu huanzishwa pale Rusumo, tarehe 28 Aprili 1994, ambapo watu wapatao 250,000 walivuka kutoka Rwanda kwa muda wa mchana na usiku mmoja. Jambo hilo lilikuwa kubwa mno, hata likayafunika mengine yaliyolitangulia. Walakini Rusumo iko Ngara, na makambi makuu yaliyofuata yalikuwa huko Ngara na Karagwe. Kwa upande wa Bukoba na Muleba, yaani nchi za kale za Kiziba, Kyamtwara, Kianja, Ihangiro na jirani zao, mgeni alihifadhiwa kwa njia nyingine, iliyo kongwe kuliko kambi na isiyokuwa na daftari. Alihifadhiwa katika kibanja.

Msomaji asiyeijua nchi ya Buhaya na afahamu kwamba kibanja ni shamba la migomba na mibuni lenye nyumba ndani yake na, mara nyingi, makaburi ya wenyewe. Ardhi ya huko kwa asili si tajiri. Rutuba ya kibanja hutengenezwa kwa mikono: samadi ya ng'ombe hutiwa, na nyasi hukatwa katika rweya, zile mbuga zilizo kati ya vijiji, zikatandazwa chini ya migomba mwaka hata mwaka. Kazi hiyo haina mwisho. Baada ya Vita Kuu ya Pili bei ya kahawa ilipanda, na mwaka 1950 wakulima wakaunda chama chao kikuu cha ushirika. Fedha ziliingia, watoto wakapelekwa shule, vijana wakaenda Kampala na Nairobi kutafuta maisha. Mikono ilipungua wakati ule ule kazi ilipozidi.

Pengo hilo lilizibwa na watu wa Ruanda-Urundi. Nao walikuwa na sababu zao za kuondoka kwao. Utawala wa Wabelgiji uliwatoza kodi, ukawashurutisha kazi zisizo na ujira, na kiboko kilikuwa chombo cha kawaida cha serikali. Njaa ya miaka ya 1928 na 1929, na ile ya 1943 na 1944, ziliwaua wengi na kuwatawanya wengi zaidi. Walio wengi walikwenda Uganda. Wengine wakashuka Bukoba. Je, hao walikuwa wakimbizi au vibarua? Bwana Shauri aliwahesabu kuwa vibarua. Mtu aliyekimbia kiboko na njaa, akafika akapewa jembe, sioni ni kwa haki gani ananyimwa jina la mkimbizi. Ila sheria haikumpa, na suala hilo la jina, dogo kwa kulitazama, lilizaa mambo makubwa.

Mgeni alipofika aliulizwa kwanza mziro wake. Koo za nchi za Maziwa hazikufuata mipaka iliyochorwa Ulaya. Abasita, kwa mfano, ambao simulizi za Karagwe huwataja kuwa watawala kabla ya Bahinda, wapo Rwanda na Nkore pia. Mwenye mziro mmoja na mwenyeji alikuwa na pa kuanzia. Asiyekuwa nao alianza kwa jembe: kibanda pembeni mwa shamba, chakula, ujira kidogo. Miaka ikipita, aliyeaminika aliweza kupata kipande cha ardhi, mara nyingi ukingoni mwa rweya ambako mwenyeji hakutaka kujisumbua, akakisamadi mwenyewe mpaka kikawa kibanja. Alioa, akazaa, watoto wakabatizwa parokiani, na daftari la ubatizo likawa pengine andiko pekee lenye majina yao.

Hatupaswi kuyapamba mambo haya. Kibarua alidharauliwa, alipewa kazi ambazo mwana wa nyumba alizikataa, na hifadhi aliyoipata aliilipa kwa jasho. Nchi yenyewe ilikuwa bado na nyarubanja, utumwa wa ardhi uliomfunga hata Mhaya mwenyeji kwa bwana wake mpaka sheria ya mwaka 1965 ilipomweka huru. Hata hivyo hifadhi ilikuwapo, nayo ilisimama juu ya neno la jirani.

Siku ya uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, neno hilo lilikutana na sheria iliyoandikwa. Uraia wa moja kwa moja ulipewa aliyezaliwa Tanganyika, nchi iliyokuwa chini ya Uingereza, ikiwa mmoja wa wazazi wake naye alizaliwa Tanganyika. Mtoto aliyezaliwa Ihangiro mwaka 1950 kwa baba na mama wa Rwanda hakuingia humo, alitakiwa aombe. Ni nani katika migomba aliyemwambia aombe? Wakimbizi waliokuja baada ya machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959 walikuwa na majalada: walipelekwa makao ya Muyenzi, Karagwe na Mwesi, wakahudumiwa na shirika la Kikristo la wakimbizi lililoanzishwa mwaka 1964, na mwaka 1980 zaidi ya 30,000 kati yao wakafunguliwa mlango wa uraia. Sifa hiyo ya Tanzania ni ya haki, na Mwalimu Nyerere alipewa nishani ya Nansen mwaka 1983. Lakini mlango ulifunguliwa kwa walioandikwa. Kibarua wa Muleba hakuwa mkimbizi wa mtu yeyote, basi hakuna aliyemkumbuka.

Wenyeji wenyewe walionja ukimbizi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera. Watu wapatao 1,500 waliuawa, na takriban 40,000 wakakimbilia kusini. Hawa walikuwa raia katika nchi yao; hata hivyo walifika mikono mitupu, na ndugu au rafiki wa ndugu ndiye aliyewajua.

Kaboya, wilayani Muleba, ndiko walikozikwa askari wengi wa vita hiyo. Huko ndiko Siku ya Mashujaa ilikoadhimishwa tarehe 25 Julai 2013, na katika ziara hiyo hiyo mkoani Rais Kikwete aliamuru wahamiaji wasio na vibali waondoke kabla ya tarehe 11 Agosti. Mwezi Septemba ilifuata Operesheni Kimbunga katika Kagera, Kigoma na Geita. Hofu ya serikali haikuwa ya bure, maana ujambazi wa silaha ulikuwa umewatesa watu wa mipakani kwa miaka mingi. Lakini maelfu waliofukuzwa, kama wale wa mwaka 2006, walikuwamo waliozaliwa humu na waliooa humu. Nyumba ziligawanyika, mke upande huu na mume upande ule.

Hapo udhaifu wa neno la jirani ulionekana wazi. Askari alitaka karatasi. Zaidi ya hayo, jirani aliyejua siku mgeni alipopewa ardhi ndiye aliyeweza pia kuitaja asili yake, na kibanja kilichosamadiwa miaka arobaini ni kishawishi kikubwa. Kwa hiyo yeyote anayetaka kuwatetea watu hawa hana budi kuanza na kazi isiyo na sifa: kukusanya vyeti vya ubatizo, kuandika ushuhuda wa wazee, na kumsaidia mtu kujaza ombi lake.

Miaka ya 2014 na 2015 serikali, pamoja na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, iliandikisha zaidi ya watu 20,000 wa namna hii katika mikoa ile mitatu. Yule mtoto wa Ihangiro wa mwaka 1950, akiwa hai, amepita miaka sabini. Waliompokea baba yake wamekwisha kufa. Imebaki miti ya omulamula iliyopandwa mpakani siku ile ardhi ilipogawanywa.