Jina la nyanya si mnyororo



Binti anapozaliwa, upande wa baba unaleta jina la nyanya, upande wa mama nao unaleta lao. Siku hizi sauti ya tatu imeingia: "Musimupe jina la wazee, ni la mizimu, litamfunga." Neno hilo limegawanya nyumba za waamini, na wazee wanaona kama wanafukuzwa katika jamaa yao. Tuangalie historia, kwa maana majina yetu yalikwisha kuhukumiwa mara moja.

Tarehe 27/10/1971 Raisi Mobutu aligeuza jina la inchi, Kongo ikawa Zaire. Mwanzoni mwa 1972, yeye aliyeitwa Joseph-Désiré akajiita Mobutu Sese Seko, na raia wakaagizwa kuacha majina ya kikristo. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga; akafukuzwa katika makao yake, akaenda Roma kwa muda. Padri aliyebatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishiwa kifungo cha miaka 5. Watu wakatafuta majina katika jamaa: la babu, la nyanya, la shangazi. Ndipo lilipoenea jina la pili, lile tunaloandika mpaka leo kati ya jina la kwanza na jina la ubatizo. Tarehe 24/4/1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na majina ya ubatizo yakaandikwa tena bila woga.

Wakati ule serkali ilisema jina la kikristo linamfanya mtu kuwa mgeni. Leo wengine wanasema jina la nyanya linamfanya mtoto kuwa mtumwa wa mizimu. Wote wanalipa jina nguvu ambayo Biblia hailipi.

Danieli alipewa Babeli jina la Belteshaza, kwa kufuata jina la mungu wa mfalme (Danieli 4:8). Hakuacha kumwomba Mungu wa Israeli. Apolo, mhubiri hodari, alikuwa na jina linalotoka kwa Apollo, mungu wa Wayunani. Fibi wa Kenkrea naye alikuwa na jina la hadithi za miungu yao, na Paulo alimsifu kwa jina hilohilo (Waroma 16:1).

Ni kweli, Mungu aligeuza Sarai kuwa Sara. Lakini alifanya hivyo kwa sababu ya ahadi, wala hakusema kwamba jina la kwanza lilikuwa laana. Hata wakati jamaa walipotaka mtoto wa Elisabeti aitwe Zakaria kama baba yake, malaika alikuwa amekwisha kutaja Yohana. Jina la Zakaria halikuhukumiwa (Luka 1:59-63).

Basi, wazazi, mbele ya kukataa jina, ulizeni: huyu mama alikuwa nani? Kama pamoja na jina wanadai pombe imwagwe chini ao sadaka kwa wafu, mukatae desturi hiyo kwa heshima, jina mulichukue. Kisha mumwombee mtoto kwa Yesu, na akikua mumweleze ndoyi wake alilima wapi, alilea wangapi, aliomba namna gani. Paulo alimkumbusha Timoteo imani ya nyanya yake Loisi (2 Timoteo 1:5). Binti wenu naye ana haki ya kumjua wake.