Karo na Ada: Habari za Vyuo vya Jamii vya California

Maneno mawili, karo na ada, hutumika katika Kiswahili kwa malipo ya masomo, na wengi wetu huyabadilishana pasipo kuona tofauti. Asili ya ada ni desturi, yaani kile kitolewacho kwa kuwa ndivyo ilivyozoeleka. Katika jimbo la California, huko Marekani, maneno yenye maana kama hizi yalitenganishwa kwa makusudi, na utengano huo una historia inayostahili kusimuliwa.

Mwaka 1907 bunge la jimbo hilo liliziruhusu shule za sekondari kufundisha masomo ya juu zaidi, na mwaka 1910 mji wa Fresno ukafungua chuo cha kwanza cha namna hiyo. Vyuo hivi vya miaka miwili, ambavyo baadaye viliitwa vyuo vya jamii, vilitegemea sana kodi ya nyumba na ardhi iliyokusanywa papo hapo wilayani. Mwanafunzi mkazi hakudaiwa karo. Mwaka 1960 ulipotungwa mpango mkuu wa elimu ya juu, ambao Clark Kerr alikuwa na mkono mkubwa ndani yake, kanuni hiyo ilithibitishwa tena, na vyuo vya jamii vikaagizwa kumpokea kila awezaye kufaidika na masomo. Lakini mpango huo huo ulipambanua: karo ni malipo ya kufundishwa, nayo isitozwe, ada ni malipo ya mambo ya kando, nayo yaweza kutozwa. Sidhani kwamba waliouandika walikusudia hila. Hata hivyo, mlango waliuacha wazi.

Mnamo Juni 1978 wapiga kura waliipunguza kodi ya nyumba na ardhi, isizidi asilimia 1 ya thamani ya mali. Vyuo vikapoteza mhimili wake, na tangu hapo ikabidi vitazame Sacramento, kwenye hazina ya jimbo. Mwaka 1984, katika utawala wa Gavana George Deukmejian na baada ya ubishi mrefu, wanafunzi walianza kutozwa dola 5 kwa kila yuniti ya somo, jumla isipite dola 50 kwa muhula. Malipo hayo hayakuitwa karo, bali ada ya kuandikishwa, na jina hilo halijabadilika mpaka leo. Kiasi ndicho kilichobadilika: tangu mwaka 2012 ni dola 46 kwa yuniti, yaani dola 2,760 kwa yuniti 60 za miaka miwili. (Mgeni atokaye Mombasa au Zanzibar kwa viza ya mwanafunzi hutozwa karo yenyewe, tena kwa jina lake, juu ya ada hiyo.)

Ni haki kusema kwamba msamaha kwa wasio na uwezo uliwekwa pamoja na ada yenyewe. Basi maskini hakulipa. Ila alitakiwa kwanza autangaze umaskini wake kwa maandishi, jambo ambalo baba yake, kama alisoma chuo hicho hicho mwaka 1960, hakuulizwa na mtu.

Iko pia ruzuku ya serikali kuu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972 na kupewa jina la Seneta Claiborne Pell mwaka 1980. Hiyo si mkopo. Kwa mwanafunzi aliyesamehewa ada, ruzuku hii huwa ya vitabu, nauli na pango. Lakini sharti aendelee vizuri na masomo, na akiyaacha yote kabla ya kupita asilimia 60 ya muhula, sehemu ya fedha hizo haina budi kurudishwa. Aliyekwisha kumpa mwenye nyumba fedha zake zote aweza hapo kujikuta mdaiwa wa chuo ambacho, kwa mujibu wa sheria, hakimtozi karo.